Nyota Zangu Zimesafishwa

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimefika stesheneri kabla haijafunguliwa ili niwe wa kwanza. Mbele yangu walikuwepo watu wanane. Kampeni za uchaguzi mkuu zilianza Agosti 28, na tangu siku hiyo kila mashine ya kuchapa hapa Kahama inatoa nyuso za wagombea. Udiwani, ubunge, urais. Wote wanatabasamu. Sisi wa kwenye foleni hatukuona sababu.

Mimi nilibeba flashi yenye picha moja tu. Ni ya Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaopita juu ya Nyasubi kila kiangazi bila kumwomba mtu kura. Niliipiga Julai, siku za mwezi kuandama, nikiwa kwenye majaruba yaliyokauka nje ya mji. Dada wa kaunta akauliza ni ya chama gani. Nikamwambia ni ya anga. Akaiandika kwenye daftari chini ya "Mengineyo".

Alipoifungua kwenye kompyuta akaguna. "Kaka, hii nyeusi imezidi. Itakula wino." Bei ikapanda hapo hapo. Nilimweleza kwamba usiku ndivyo ulivyo. Alinisikiliza kwa upole hadi mwisho, kisha akasema bei hapangi yeye.

Njiani nikakumbuka tarehe. Septemba mosi mwaka 2016 jua lilipatwa kipete, na Rujewa kule Mbarali kukajaa watu waliokuja kulitazama kwa miwani maalumu. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amewaeleza wasomaji wa magazeti habari za anga, alikuwa na kazi nyingi siku zile. Nchi nzima ilitazama juu. Leo nimetazama juu peke yangu, na guta la mchele likanipita juu ya kidole. Mwenye guta alinishauri nitazame mbele.

Jumanne, 2 Septemba

Picha imetoka. Nyota hazimo.

Kijana wa kompyuta alinipokea kwa fahari. Alisema faili langu lilikuwa na uchafu mwingi, vidoti vyeupe kila mahali, pengine vumbi la lenzi. Amekesha navyo, akavifuta kimoja kimoja. Kilichobaki ni shamba, mwembe, na kitu cha kahawia kilichotanda juu yake. Kazi hiyo hakunitoza. Hilo alilirudia ili lieleweke.

Nilijikaza. Nuru ya kiini cha Njia Nyeupe husafiri miaka ipatayo 26,000 ndipo ikatufikia. Ilianza safari kabla binadamu hajapanda mtama wala mpunga. Ilivuka mavumbi yote ya huko, ikaingia salama kwenye lenzi yangu, ikaja kufia Nyasubi kwenye brashi ya kuondolea chunusi. Mwaka huu hakuna mgombea hata mmoja mwenye chunusi.

Nikamweleza picha ya namna ile inavyopatikana. Kamera inasimama juu ya miguu yake mitatu, lenzi inaachwa wazi sekunde 15. Ukizidisha mno nyota zinageuka mistari, maana dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa na haimsubiri mpiga picha. Unapiga nyingi za namna hiyo, kisha unazipandanisha kwenye kompyuta ili chenga zipungue na nyota zibaki. Kijana alitikisa kichwa kwa heshima. Akauliza kama nitapenda aniachie nyota kumi kubwa.

Tulikubaliana achape faili la mwanzo lilivyo. Karatasi kubwa zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo akatumia kipande cha turubai kilichobaki kwenye bango. Njia Nyeupe imetoka vizuri. Upande wa kulia, usawa wa kundinyota la Nge, kuna sikio. Ni la mgombea udiwani. Ni sikio zuri.

Jumatano, 3 Septemba

Mwezi ulizama karibu saa tisa usiku, nami nilikuwa nimeshatoka. Nilitaka Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima walikitazama kujua msimu kabla redio hazijaanza kutoa utabiri. Siku hizi za Septemba kinachomoza mashariki mnamo saa sita usiku. Ni miongoni mwa vitu vichache hapa vinavyofika kwa wakati.

Nina kifaa cha kuzungusha kamera polepole ili ilifuate anga. Kifaa hicho kinataka kielekezwe kwenye ncha ya anga, mahali ambapo nyota zote huonekana zikipazunguka. Walioko kaskazini wanaelekeza kwenye nyota ya Polaris, kazi imekwisha. Kahama ipo karibu nyuzi nne kusini mwa ikweta. Polaris hatuioni, na ncha ya kusini iko chini mno, nyuzi nne tu kutoka upeo wa macho, wala haina nyota angavu ya kuishikia. Kwa pale nilipokuwa mimi, ipo nyuma ya tanuru la matofali. Tanuru lilikuwa linawaka.

Walinzi wa mtaa walinikuta nimepiga magoti. Sungusungu walianzia pande hizi za Usukuma na Unyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo kazi ya kumhoji mtu usiku inajulikana. Mkubwa wao alinimulika tochi kuanzia miguuni kwenda juu, taratibu, akaridhika kuona nimevaa suruali. Wachawi, alinieleza, hawavai. Nilishukuru kwamba kulikuwa na baridi.

Swali la pili lilikuwa kama nina detekta. Kwenye ukanda huu, mtu aliyeinama gizani na chombo chenye betri anatafuta dhahabu, hana maelezo mengine. Niliwaonyesha Kilimia kwenye kioo cha kamera. Mkubwa alihesabu nyota za kiooni, akahesabu za juu, akaona hazilingani. Wakaondoka wakiitilia shaka mashine, si mimi. Hayo ni maendeleo.

Kulipopambazuka akaja mama mwenye shamba. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Ni bomba au ni reli?" Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linapita pande hizi, na reli ya kisasa ya kwenda Mwanza inapita Isaka. Kwa hiyo anayesimamisha miguu mitatu shambani kwa mtu amekuja na habari za fidia. Nilimwambia napiga picha nyota. Akatazama juu. Jua lilikuwa limeshatoka. Alichukua daftari langu, akaandika jina lake, ukubwa wa shamba na miembe mitatu. Mmoja, kwa jinsi nilivyouona, ulikuwa mpapai.

Alhamisi, 4 Septemba

Mteja wangu wa Geita ana nyumba ya wageni, na aliagiza picha mbili za ukutani. Hizi si za turubai. Karatasi ni ya pamba, wino ni ule wa chembe za rangi usiopauka upesi kwa mwanga, na zilichapwa Dar es Salaam. Printi ya namna hiyo ikitunzwa mbali na jua inaweza kuishi kuliko aliyeinunua. Masharti yake ni machache. Isikunjwe, isilowe, isiguswe kwa kidole.

Zilifika stendi na basi la usiku zikiwa ndani ya bomba la plastiki, lile la mafundi bomba, lililoandikwa USIKUNJE pande zote. Kwa karani wa mizigo kulikuwa na foleni ya wanaopokea na foleni ya wanaotuma. Mimi nilikuwa napokea ili nitume. Nilipanga zote mbili. Malipo kwa simu yakagoma, mtandao ukawa unasumbua, foleni ikasimama. Mwenye kuku akapitishwa mbele kwa sababu kuku hawasubiri. Sikupinga. Kuku walikuwa na hoja.

Jioni Geita wakanipigia. Bomba lilikuwa limeshushwa njiani, Katoro, kwa fundi aliyekuwa akisubiri bomba. Alilipima, akalikata katikati kwa msumeno, na hapo ndipo akaona karatasi. Ni muungwana. Alivikusanya vipande vyote vinne, akavipakia kwenye basi lililofuata, akabaki na bomba.

Mteja ameviona. Anasema vinapendeza, na sasa vitaenea vyumba vinne badala ya viwili. Amelipa nusu ya bei. Hesabu yake sijaielewa, ila risiti ameiandika kwa mwandiko safi.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimetundika picha ya turubai, pamoja na sikio lake, katika saluni ya kinyozi karibu na nyumbani. Kuufikishia umma sanaa ni wajibu mtukufu. Umma ulikuwa unanyolewa.

Kila anayeingia anauliza, "Hapa ni wapi?" Nasema ni hapa hapa, boda inafika mara moja. Wanacheka. Mmoja alisema huku kwetu nyota za namna hiyo hazipo, labda Ulaya. Nikamweleza kwamba Ulaya ndiko zilikopungua. Kiini cha Njia Nyeupe kikipita Kahama kinapanda zaidi ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. London hakifiki hata nyuzi 10. Kuna Wazungu wanaolipa nauli kuja kusini kukiona, na sisi tunacho juu ya bati, tumekizibia kwa taa. Kinyozi aliniambia nisitikise kichwa.

Mchimbaji mdogo aliyetoka Kakola alikuwa msikivu zaidi. Nilimweleza kwamba dhahabu haikuzaliwa ardhini. Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo iliyoko Marekani na Italia ilinasa mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zilizogongana, umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 130. Darubini zikageuzwa huko, zikaona dalili za metali nzito zikitengenezwa, za jamii ya dhahabu. Maana yake ni kwamba hicho anachokifuata kwenye duara, na kukisaga kwenye karasha, kilitoka juu. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza leseni ya huko anayo nani.

Nilimjibu kwamba hakuna mwenye leseni. Akanitazama kwa huruma. Kwa uzoefu wake, eneo lisilo na leseni lina mwenyewe, ila bado hajafika.

Mchana shehe wa msikiti wa jirani akanipigia. Wiki hii ni ya Maulidi na ana shughuli tele, lakini amepata habari kwamba Jumapili mwezi utapatwa, naye anataka saa kamili kwa ajili ya swala. Nilimpa. Kuanza kumegwa, saa moja na dakika 27 usiku. Kufunikwa wote, saa mbili na nusu. Katikati, saa tatu na dakika 11. Kuanza kuachiwa, saa nne kasoro dakika nane. Aliandika kila kitu, akanisomea nihakiki. Wiki nzima hii, huyu ndiye mtu pekee aliyeandika ninachosema mimi.

Jumamosi, 6 Septemba

Umeme umekatika asubuhi. Betri za kamera zilikuwa tupu. Nilikwenda kwa anayechaji simu kwa jenereta, nikapanga foleni nyuma ya simu za mtaa mzima. Chaja yangu ilizua mjadala, kwa kuwa haifanani na ya simu na hakuna aliyejua bei yake. Mwishowe ikaamuliwa niilipie sawasawa na spika ya mkutano wa hadhara iliyokuwa pembeni yake. Spika ilitangulia kujaa.

Mwaka 1840 John William Draper alipiga picha ya mwezi kule New York. Ilimbidi aiachie nuru iangukie bamba la fedha kwa dakika 20. Wanahistoria wa upigaji picha wanamtaja kwa heshima, na anastahili. Hakuwa na jirani mwenye taa ya sola.

Wangu ameweka ile ya ulinzi, inayojiwasha yenyewe giza likiingia. Inamulika lango lake, ukuta wangu, na anga lote la kusini. Nilikwenda kumwomba kistaarabu aizime kesho kwa saa moja na nusu tu. "Jirani yangu, hiyo haina swichi," akasema. Tulikwenda kuikagua pamoja. Ni kweli, haina. Kinachoizima ni jua.

Nikapendekeza tuifunike kwa ndoo. Akasema wezi watakuja. Nikasema wezi hawataona kitu, kutakuwa giza. Akasema hicho ndicho anachokizungumzia. Nimerudi ndani na ndoo yangu.

Jumapili, 7 Septemba

Umeme umerudi. Umewaka kutwa na umewaka usiku, bila hata kupepesa. Jana ndiyo niliyouhitaji. Leo nilihitaji giza.

Nilisimamisha kamera kwenye uwanja wa wazi, mbali na ile taa. Mwezi ulichomoza ukiwa na rangi ya vumbi, kwa sababu kabla mvua hazijaanza hewa ya huku ni vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Ulipoanza kumegwa watu wakakusanyika. Mwezi wenyewe hawakuutazama. Walitazama kioo cha kamera, ambamo mwezi ule ule ulikuwa wa sentimita mbili. Wakajipanga foleni bila kuambiwa. Mimi nikawa wa mwisho.

Saa mbili na nusu ukawa mwekundu wote. Niliwaeleza watoto kwamba mwezi umeingia kwenye kivuli cha dunia. Hewa inayoizunguka dunia inapinda nuru ya jua na kuichuja. Ya bluu inatawanyika, nyekundu inapenya hadi kule. Watoto walielewa papo hapo. Mzee mmoja alisema ni vumbi la Kahama limefika mwezini. Vumbi likizidi hewani kweli huongeza wekundu, kwa hiyo nilimwachia ushindi. Si kila usiku mtu anapata wa kumwachia.

Msikitini swala ilikuwa imeshaanza. Zohali ilikuwa pembeni ya mwezi, imetulia, na watoto wakauliza kama ni ndege. Kwa dakika 82 mwezi uliacha kulifukuza giza, na upande wa kusini-magharibi Njia Nyeupe ikatokeza juu ya taa za mji. Niliwaonyesha kwa kidole. Yule aliyesema Ijumaa kwamba nyota hizo ziko Ulaya alikuwepo. Alitazama, akasema ni wingu.

Mwezi uliopatwa una mwanga hafifu. Lenzi inataka sekunde kadhaa za utulivu. Kila nilipoifungua, bodaboda ilikata kona na taa yake. Zilipoisha boda, watu wakaanza kujipiga picha na mwezi kwa simu, flashi ikiwaka, ili kuuongezea mwanga mwezi ulioko zaidi ya kilomita 360,000. Haukuongezeka.

Kisha akaja mjumbe wa mgombea, kijana mwenye adabu. Aliniamkia, akauliza kama mwezi mwekundu unaweza kuwekwa nyuma ya mheshimiwa kwenye bango jipya. Nilimwambia mheshimiwa akikaa mbele, mwezi hautaonekana. Akasema mheshimiwa hataona tatizo.

Karibu na mwisho kulitulia kwa muda mfupi. Nikapata picha moja: mwezi mwekundu, tawi la mwembe, hakuna boda, hakuna flashi, hakuna sikio. Nimeiweka kwenye flashi mbili tofauti. Kwa stesheneri nitaipeleka mwenyewe na kukaa pale hadi itoke, na nimenunua kiti.

Kwa wale waliokosa, kupatwa kamili kwa mwezi kutakakofuata kuonekana kwetu ni jioni ya 31 Desemba 2028, mwezi ukiwa ndio kwanza umechomoza. Utakuwa mkesha wa mwaka mpya, kwa hiyo tutegemee fataki, spika na kila taa iliyopo. Wanaonunua taa za sola kati ya sasa na hapo wanaombwa wachague zenye swichi. Wanaotaka printi walipe mapema. Foleni, kwa ninavyoifahamu, imeshaanza.